Barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa kuhusu kazi ya mpiga kinanda

Kwa maaskofu, mapadre, wachungaji, wazee wa kanisa, kamati za liturujia na za ujenzi, na hasa nyinyi wahazini,

Salamu na heshima kwenu nyote.

Barua hii imeandikwa na wapiga kinanda wa makanisa mbalimbali. Wamo wa kinanda cha mabomba na wa kinanda cha umeme, wanaolipwa na wanaojitolea, wa madhehebu tofauti, watu ambao huazimana nota na kushikiana zamu mmoja akiugua. Tunaandika kwa sababu mengi yanayoharibika kwenye kinanda siku ya ibada huwa yameamuliwa siku kadhaa nyuma, katika kikao ambacho mpiga kinanda hakuitwa. Wimbo umebadilishwa, kwaya imehamishiwa upande wa pili wa jengo, mafundi rangi wamepewa ufunguo, kinanda kipya kimenunuliwa kwa kutazama picha. Yeye hukutana na matokeo akiwa ameshakaa kwenye benchi na waumini wameshasimama.

Tuanze na orodha ya nyimbo.

Wimbo wa beti nne huimbwa kwa dakika tatu hivi. Kuuandaa ni kazi nyingine kabisa. Mpiga kinanda anayeijua kazi husoma kwanza maneno ya beti zote, aone wapi wazo linavuka mwisho wa mstari na wapi watu watahitaji kuvuta pumzi, kwa maana yeye ndiye atakayewapa pumzi hiyo kwa kuinua vidole. Kisha hutazama noti ya juu kabisa. Waumini wengi hufika D ya juu bila taabu, na E-flati kwa kujikaza. Wapelekeni hadi F katika ibada ya alfajiri muone: wanaume watashuka oktava nzima, na wanawake wengi watafunga midomo. Ikibidi hushusha kii, yaani kimo cha wimbo mzima, kwa toni moja, na hapo nota zilizo kitabuni hazimfai tena. Ama aziandike upya, ama ajizoeze kuzihamisha papo hapo. Halafu huchagua stopu, yaani vile vishikio au vitufe vinavyoamua ni safu ipi ya sauti itakayolia. Kanisa likiwa limejaa, sauti za msingi za futi 8, 4 na 2 kwa mikono, na futi 16 na 8 kwa miguu (kwenye pedali, yaani kibodi ya miguuni), hutosha kuwabeba watu. (Futi hizo ni urefu wa bomba la do ya chini kabisa: la futi 8 ni kama mita 2.4, na urefu ukigawanywa nusu sauti hupanda oktava moja.) Ubeti wa toba hupunguzwa hadi 8 na 4, ubeti wa sifa huongezwa.

Bado utangulizi. Hupigwa kwa mwendo uleule utakaoimbwa, mstari wa kwanza na wa mwisho au wimbo mzima ukiwa mgeni, bila kupunguza kasi mno mwishoni, la sivyo watu wataingia wakiwa wameshachoka. Na kati ya ubeti na ubeti muda huwa uleule kila mara, tuseme mapigo mawili kamili. Ukibadilika, nusu ya kanisa huanza na nusu husubiri.

Haya hayafanyiki kwa orodha inayoletwa dakika kumi kabla ya kengele. Tunaomba orodha siku sita kabla, na kila wimbo uandikwe kwa mambo manne: namba, mstari wa kwanza wa maneno, toleo la kitabu, na beti zitakazoimbwa. Namba peke yake haitoshi, maana matoleo mawili ya kitabu kilekile yanaweza kuwa na namba tofauti, na maneno yaleyale yanaweza kuwa na tuni mbili, yaani melodi mbili, ambazo kila upande wa kanisa unaijua ya kwake. Tuni hubadilishana maneno iwapo hesabu ya silabi inalingana, kwa mfano 8.7.8.7, yaani mistari ya silabi nane na saba kwa zamu. Hata hivyo kulingana kwa silabi hakuhakikishi kwamba mkazo wa maneno utaangukia pigo zito. Mtu wa kuliona hilo mapema ni yule atakayepiga. Akilikuta wakati wa ibada, ni waumini wote watakaolisikia pamoja naye.

Mabadiliko ya dharura yapo, tunayajua. Mazishi hayatoi taarifa ya wiki. Kwa hiyo kila kanisa liwe na orodha ya nyimbo thelathini hivi ambazo mpiga kinanda amesema anaweza kuzipiga saa yoyote bila maandalizi, na kiongozi wa ibada ya dharura achague humo. Mkibadilisha jambo, mpigieni simu mwenyewe. Ujumbe unaopitia kwa mwalimu wa kwaya, kwa katibu, kwa mhudumu wa altare, hufika ukiwa umepungua ubeti mmoja.

Kuna na la majira. Katika Kanisa Katoliki, wakati wa Kwaresima kinanda huruhusiwa kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Na katika Majilio hutakiwa kiasi. Hivyo mkimwomba mpiga kinanda ajaze ukimya wa komunyo katika Kwaresima kwa kupiga peke yake, mnamtaka avunje utaratibu wenu wenyewe. Kamati ya liturujia ikae naye kabla ya Jumatano ya Majivu, si baada ya mtu kulalamika.

Na kuhusu muda wa kupiga kabla na baada ya ibada, semeni dakika. Kumbukumbu za baraza la kanisa la Arnstadt, Ujerumani, za Februari 1706 zinaonyesha Johann Sebastian Bach, mtunzi na mpiga kinanda mashuhuri, akilalamikiwa kwamba alikuwa anapiga muda mrefu mno, na alipoambiwa, akafupisha kupita kiasi. Ukimwambia mpiga kinanda "usirefushe sana", umempa mgogoro uleule. Ukimwambia "dakika nne, na padre akifika kwenye kiti unamaliza", ataandaa kipande chenye sehemu mbili au tatu za kukomea pasipo kukata katikati ya sentensi ya muziki.

Sasa la mahali. Hili halizungumzwi, na ndilo linalowafanya watu waseme "kinanda kinaburuta".

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi joto 20 za Selsiasi. Kwaya ikikaa mita 30 kutoka kwa kinanda, sauti ya kinanda inawafikia ikiwa imechelewa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wanaimba nayo, na sauti yao inarudi kwa mpiga kinanda ikiwa imechelewa tena kiasi hicho. Jumla ni kama sekunde 0.17. Kwa wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.6, kwa hiyo kuchelewa huko kunazidi robo ya pigo. Mpiga kinanda akisikiliza na kuwafuata, naye atachelewa, nao watamfuata, na ubeti wa nne utakuwa mwendo wa mazishi. Dawa ni yeye kupiga kwa kujiamini mbele ya sauti anayoisikia, huku akimwona mwongoza kwaya kwa macho. Kioo kinatosha pale ambapo mstari wa kuonana upo. Usipokuwepo, kamera ndogo na skrini ndogo juu ya kibodi, na ziunganishwe kwa waya: kamera nyingi zisizo na waya huongeza ucheleweshaji wao, na hapo mmetibu ugonjwa kwa kuuongeza.

Kwa sababu hiyohiyo, mwimbishaji anayeshika mikrofoni asiimbe kwa nguvu juu ya waumini. Sauti yake inatoka kwenye spika zilizotawanyika jengo zima, kila moja kwa umbali wake, na watu hawajui wafuate ipi. Aanzishe, aelekeze kwa mkono, kisha asogee nyuma ya mikrofoni. Na kabla hamjahamisha viti vya kwaya kwa ajili ya mwonekano wa picha za video, ombeni kusikia nyimbo mbili zikiimbwa hapo kanisa likiwa na watu. Kanisa tupu hudanganya: nguo na miili ya watu hunyonya mwangwi, na jengo lenye mwangwi wa sekunde tano likiwa tupu halitakuwa nao likijaa.

Tukija kwenye chombo chenyewe, wenye kinanda cha mabomba wana mzigo mkubwa zaidi, basi tukae nao kidogo.

Feni inasukuma hewa, mivukuto inaihifadhi na kuisawazisha, sanduku la upepo linaigawa, na chini ya kila bomba kuna kilango kinachofunguka ukibonyeza. Kanuni ni hiyo tu, lakini hewa ndiyo kila kitu. Bach alipoitwa kukagua kinanda kipya alianza kwa kufungua stopu zote na kupiga kwa sauti kamili, aone kama kina mapafu. Kamati inayopokea kinanda kutoka kwa fundi inaweza kufanya hivyohivyo: kodi kubwa (noti nyingi kwa pamoja) ya mikono miwili na mguu, stopu zote wazi, ishikiliwe. Sauti ikitetemeka au kushuka, upepo hautoshi, na msitie saini.

Mabomba yenye mdomo kama wa filimbi hupanda sauti hewa inapopata joto, takribani senti tatu kwa kila nyuzi moja, ambapo semitoni moja (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za kibodi) ni senti 100. Kinanda kilichotuniwa (kilichorekebishwa sauti) hadi A ya Hz 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, kwenye nyuzi 20 kitakuwa juu kwa senti 24 kwenye nyuzi 28. Hiyo ni robo ya semitoni, na mpiga tarumbeta atawaambia. Mabomba yenye ulimi wa shaba hayahami kwa kiasi hicho, ndiyo maana siku ya joto kali zile sauti kama tarumbeta za kinanda husikika ziko chini, hali yaliyohama ni mabomba mengine. Mpiga kinanda asilazimishwe kutuni ndimi hizo kila Jumapili kufuata joto. Fundi aje mara mbili kwa mwaka, majira yanapobadilika, na siku ya kutuni jengo liwe na joto lilelile la saa ya ibada tangu saa kadhaa kabla.

Siku hiyo anahitaji kimya. Anasikiliza mawimbi kati ya mabomba mawili: moja la 440 na jingine la 442 hutoa mtetemo mara mbili kwa sekunde, naye hugonga ukingo wa bomba au kusogeza mkanda wa kutunia mpaka mtetemo upungue, upungue, ukome. Akiwa hapo, mtu akiwasha mashine ya kufyonza vumbi, kazi imesimama. Mafundi wametusimulia makanisa waliyoondoka bila kumaliza kwa sababu kamati ya usafi ilipanga siku ileile. Mpeni pia msaidizi wa kubonyeza noti akiwa yeye juu ngazini.

Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 45 na 60. Mkiwasha vipasha joto kwa nguvu ili jengo lipate joto kwa saa moja, hewa hukauka, mbao hupasuka, upepo huvujia kwenye bomba la jirani na noti mbili hulia pamoja. Pandisheni joto polepole. Chumba cha kinanda si stoo: tumekuta viti, bendera na masanduku ya mapambo yakiwa yameziba mahali feni inapovutia hewa, na kwenye marundo hayo panya hupata makazi kisha hutafuna ngozi za mivukuto. Mabomba ya mbele yanayong'aa yasiguswe na wasafishaji, kwani madini yake ni bati na risasi, laini, hubonyea kwa kidole gumba.

Ujenzi na kupaka rangi ndilo jambo baya kuliko yote. Vumbi la plasta likiingia, kibanzi kidogo tu kwenye mdomo wa bomba dogo kinatosha kulinyamazisha. Baada ya moto wa kanisa kuu la Notre-Dame la Paris mwaka 2019, kinanda kikubwa hakikuungua, lakini kilifunikwa na vumbi la risasi, na ikabidi kifunguliwe, mabomba yake karibu 8,000 yasafishwe, na kisikike tena hadharani Desemba 2024. Kabla fundi rangi hajaingia: kinanda kifunikwe kwa plastiki iliyobandikwa kingoni, umeme wa feni ukatwe kwenye swichi kuu na pabandikwe tangazo, kwa sababu feni ikiwashwa wakati wa kusugua kuta itavuta vumbi lote na kulisukuma ndani ya masanduku. Kazi ikiisha, plastiki iondolewe siku hiyohiyo, isifuge unyevu.

Noti ikikwama na kinanda kulia chenyewe katikati ya ibada, msimtazame mpiga kinanda kana kwamba ameegemea kitu. Mara nyingi ni takataka iliyozuia kilango kisifunge, au mbao iliyovimba. Yeye hufunga stopu moja moja mpaka sauti ikome, halafu huendelea bila stopu hiyo. Ikilia kwenye kila stopu ya kibodi moja, tatizo liko kwenye kibonyezo au kilango chake: hukigonga haraka mara mbili tatu, kikikataa huhamia kibodi nyingine na kuondoa miunganisho kati yao. Kuzima feni ni hatua ya mwisho. Asipande mtu juu kung'oa bomba isipokuwa ameonyeshwa na fundi lipi na vipi.

Kando ya kibodi liwepo daftari, na kila hitilafu iandikwe namna hii: "Stopu ya Principal 4, kibodi ya chini, F-kali ya pili juu ya do ya kati, kimya asubuhi, inarudi mchana jua likipiga dirisha." Kwa mstari huo fundi anajua aende wapi na abebe nini. "Kinanda kina shida kidogo" humfanya aanze upya, na saa zake mnazilipa nyinyi.

Kinanda cha umeme kinahitaji uangalizi mdogo, lakini huharibiwa kwa ununuzi mbaya. Kamati huenda dukani na kurudi na kibodi ya vibonyezo 61 isiyo na pedali, kwa sababu ilikuwa na midundo mingi. Midundo hiyo haimsaidii mtu kuongoza tenzi. Kwa kazi ya kanisa ulizeni: kibodi mbili za mikono, pedali kamili za noti 30 au 32 (za noti 13 hazitoshi kwa kitabu cha nyimbo), benchi linalopanda na kushuka, na spika zake zenyewe.

Hilo la spika tunalisisitiza. Do ya chini ya pedali ya futi 16 ina kama Hz 33. Mfumo wa spika za mahubiri umepangwa kwa ajili ya maneno, na fundi sauti kwa kawaida hukata chini ya Hz 100 ili kuondoa mvumo wa pumzi na wa mikrofoni. Mkichomeka kinanda humo, mguu wa mpiga kinanda utakuwa unafanya kazi isiyosikika, na waumini watakosa besi ya kuwashikilia kwenye kii. Spika za besi zikae sakafuni karibu na ukuta, nyingine ziinuliwe juu ya vichwa vya watu, zote zielekee waumini. Kama zinamwelekea mpiga kinanda peke yake, atapunguza sauti na nyinyi mtasema hasikiki.

Mengine ni ya haraka. Umeme ukiwa wa kupandapanda, wekeni stabilaiza. Wakati wa kuwasha, kinanda kwanza, amplifaya baadaye. Wakati wa kuzima, amplifaya kwanza, la sivyo kile kishindo kitapasua spika siku moja. Adapta ya badala iwe na volti zilezile na mpangilio uleule wa chanya na hasi, na ampea zisipungue. Kifunikeni kwa kitambaa, si plastiki. Kinanda si meza: mishumaa na vyombo vya maua vihamishwe, kwani kikombe kimoja cha maji kikimwagika kati ya vibonyezo kinaweza kuua kibodi nzima. Na kile kitufe cha kuhamisha kii kirudishwe sifuri baada ya kila ibada. Kikiachwa juu kwa semitoni mbili, anayefuata ataanza wimbo katika D akidhani ni C, tarumbeta zitaingia na kilichoandikwa, na lawama zitakuwa za aliyepo.

Mapatano ya kazi yaandikwe hata kama ni ukurasa mmoja, hata kama mtu anajitolea. Ibada ngapi kwa mwezi, mazoezi ya kwaya mangapi, arusi na mazishi yanahesabiwaje, likizo lini, nani anatafuta wa kushika zamu na nani anamlipa. Anayejitolea arudishiwe nauli na gharama ya vitabu. Nota zinunuliwe kihalali kwa jina la kanisa, zibaki kanisani. Ibada mnazozirusha mtandaoni zina muziki wenye haki za watunzi, na kuomba kibali ni kazi ya ofisi. Maharusi waambiwe wazi kwamba wimbo wautakao unafika kwa mpiga kinanda wiki tatu kabla, ukiwa na nota, si rekodi ya simu.

Apewe na ufunguo wa kanisa. Mazoezi ya pedali hayafanyiki nyumbani kwa kibodi ndogo. Kipande kigumu hupigwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto na miguu, mikono miwili bila miguu, kisha vyote polepole, na hilo linataka saa tulivu za jengo, zenye ratiba inayojulikana. Kama benchi halipandi wala kushuka, mbao mbili chini ya miguu ya benchi zitaokoa mgongo wa mtu. Viatu vya kupigia viwe vyembamba, vya soli ya ngozi, kisigino cha kama sentimita 3, na viachwe palepale kwa kazi hiyo tu. Changarawe za nje huchubua pedali.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni warithi. Makanisa mengi hukumbuka kutafuta mpiga kinanda siku aliyepo anapohama au kufariki, kisha humkamata kijana wa piano na kumweka kwenye benchi Jumapili ijayo. Piano na kinanda ni vitu viwili. Noti ya piano hufifia yenyewe. Ya kinanda hubaki na nguvu ileile mpaka kidole kinyanyuke, halafu hukatika palepale. Hakuna pedali ya kurefusha sauti, kwa hiyo mtu hujifunza kubadilisha vidole juu ya kibonyezo kilichoshikwa. Noti inayojirudia katika sauti ya juu lazima ikatwe kwa kipimo ili wimbo usikike, huku noti za sauti za chini zikishikiliwa ili sauti isikatike kabisa. Kugonga kwa nguvu hakuongezi chochote. Mpeni mwanafunzi huyo miezi ya mikono peke yake kwa tenzi rahisi, kisha mguu wa kushoto kwenye noti ndefu, kisha miguu miwili. Aanze na wimbo mmoja katika ibada, ule wa kutoka, ambao watu wanausikiliza kwa nusu sikio. Baada ya mwaka awe na ibada nzima ya katikati ya wiki. Mwalimu wake alipwe kwa masomo hayo, kwani ni kazi ya ziada.

Turuhusuni pia kufanya kazi pamoja bila kujali dhehebu. Chama cha wapiga kinanda cha London, Royal College of Organists, kilianza mwaka 1864, na cha Marekani, American Guild of Organists, mwaka 1896, kwa hiyo hatuombi jambo geni. Tunachoomba ni kidogo: orodha ya pamoja ya watu wa kushika zamu, ruhusa ya kufanya mazoezi kwenye kinanda cha jirani, na karatasi moja iliyobandikwa kwa kila kinanda inayomwambia mgeni swichi iko wapi, stopu ipi imeharibika, kumbukumbu zipi za kinanda (mipangilio ya stopu iliyohifadhiwa) zisiguswe, na padre au mchungaji hutoa ishara gani.

Kwa kuanzia, pangeni mkutano mmoja usio wa ibada, mbele ya kinanda. Wawepo kiongozi wa ibada, mwalimu wa kwaya, fundi sauti, mhazini na mpiga kinanda. Pigeni nyimbo mbili, mmoja wenu akae kiti cha nyuma kabisa na mwingine cha mbele, mbadilishane. Fungueni mlango wa chumba cha feni mtazame kilichomo. Someni daftari la hitilafu pamoja. Mhazini aje na makadirio ya matengenezo ya jengo kabla hayajafungwa, maana mstari wa kinanda haujaingia humo.

Wenu katika huduma,

Wapiga kinanda wa makanisa